Nilimpa kaka figo, sasa mshipa wake umebana: puto au kisu?

Swali: "Dokta, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Miezi minane iliyopita nilimpa kaka yangu figo yangu ya kushoto, tulifanyiwa upasuaji India. Kabla ya upasuaji waliniambia figo hiyo ina mishipa miwili ya kuleta damu badala ya mmoja, lakini wakasema itafaa. Kaka alirudi vizuri, kreatinini (taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja) ikiwa 118. Baadaye presha ikakataa kushuka, sasa anakunywa dawa nne. Juzi juzi aliongezewa losatani, na wiki mbili baadaye kreatinini ikapanda mpaka 205. Kipimo cha Dopla, kile cha mawimbi ya sauti kinachopima mwendo wa damu, kimeonyesha mshipa wa figo umebana, wameandika kasi ya 390. Daktari mmoja anasema apitishiwe puto kwenye kinena, mwingine anasema huenda akafunguliwa tena. Ndugu wameanza kusema figo niliyotoa ilikuwa mbovu. Ni kweli? Na kati ya puto na kisu, salama ni ipi?"

Jibu: Marahaba, dada. Naanza na lile ambalo naona linakunyima usingizi kuliko hata presha ya kaka yako. Figo yako haikuwa mbovu. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ana figo yenye ateri zaidi ya moja, yaani mishipa ya kuleta damu, na wengi wanazeeka bila kujua. Huo si ugonjwa, ni umbile tu, kama mmoja anavyozaliwa na mwanya na mwenzake hana. Shahidi wako ni ile 118 aliyorudi nayo. Figo mbovu isingeishusha kreatinini mpaka hapo. Kilichobana ni njia ya kuifikishia damu, na kwa kawaida inabana pale mikono yetu sisi wapasuaji ilipopita au karibu na hapo. Waambie ndugu hivyo, na wakitaka wasome wenyewe.

Sasa nikueleze kilichofanyika mezani siku ile, maana ndicho kinachowafanya madaktari wako wawili watofautiane.

Figo yako ilipotoka mwilini mwako ilioshwa damu yote kwa maji maalumu ya baridi. Ikapauka, ikawa ya kijivu, ikalazwa kwenye bakuli la barafu. Ateri mbili zinashughulikiwa hapo, kabla figo haijaingia kwa mgonjwa, kwa sababu kwenye barafu fundi ana muda wa kutosha. Zikilingana unene, tunazichana kidogo ubavuni na kuzishona pamoja zipate mdomo mmoja, zikae kama miguu miwili ya suruali yenye kiuno kimoja. Ikiwa moja ni nyembamba, tunaishona ubavuni mwa ile kubwa. Na kama ile nyembamba inaingia ncha ya chini ya figo, tunaitunza kama yai, kwa kuwa ndiyo inayolisha ureta, mrija unaoshusha mkojo kwenye kibofu. Hiyo ikiziba, figo inaweza kufanya kazi yake vizuri huku ureta inakufa taratibu, na mkojo ukaanza kuvujia ndani siku chache baadaye. Ikiwa fupi mno, ipo ateri ndogo inayopanda nyuma ya misuli ya tumbo, tunaishusha na kuiunganisha nayo. Ni kazi ya subira.

Baada ya hapo figo inalazwa ndani ya nyonga, chini kabisa ya tumbo, nje ya utando wa matumbo. Zile figo za zamani zinaachwa mahali pake. Njia hii waliionyesha René Küss na wenzake Ufaransa mwaka 1951, na Joseph Murray akaitumia Boston tarehe 23 Desemba 1954, ndugu alipompa pacha wake figo na ikafanya kazi. Ateri ya figo inashonwa kwenye ateri kubwa inayokwenda mguuni. Tunatoboa tundu la milimita 4 au 5 ubavuni mwa ateri ya mguu, kisha tunashona mdomo kwa mdomo kwa uzi unaokaribia unene wa unywele.

Mshono wenyewe tumeurithi kwa Mfaransa Alexis Carrel. Mwaka 1894 rais wa Ufaransa, Sadi Carnot, alichomwa kisu mjini Lyon, mshipa mkubwa ndani ya tumbo ukakatika, na hakuna aliyejua kuushona. Carrel, wakati huo kijana anayesomea udaktari mjini humo humo, hakukubali kwamba mshipa haushoneki. Akaenda kujifunza kwa mama mmoja fundi wa darizi namna ya kutumia sindano nyembamba na uzi wa hariri. Mwaka 1902 akaitangaza mbinu yake, na mwaka 1912 akapewa Tuzo ya Nobel. Ukimwangalia mama wa Unguja akishona kofia ya viua, anavyovuta uzi kwa kipimo kile kile tundu baada ya tundu, umeiona kazi yangu. Akikaza kupita kiasi, kitambaa kinajikunja. Akilegeza, ua halishiki. Kwetu sisi, ukikaza mno mdomo wa mshipa unafinyika kama mfuko uliovutwa kamba, na ukilegeza, damu inavuja.

Lakini mshono uliokazwa ni sababu moja tu. Kibano tunachozuia nacho damu wakati wa kushona kinaweza kuumiza ngozi laini ya ndani ya mshipa, au mrija ule wa kuoshea figo ukaikwaruza, na kovu likaota pole pole kwa miezi. Mwili unaoipiga vita figo huweza kuvimbisha kuta za ateri. Kwa mwenye kisukari au mvutaji sigara, ubovu unaweza kuwa juu zaidi, kwenye ile ateri ya mguu, na figo ikanyimwa damu ingawa mshipa wake wenyewe ni mzima. Halafu kuna kukunjika.

Hilo nimeliona kwa macho. Tulimaliza kushona, tukafungua vibano, figo ikajaa damu ikawa ya waridi, ngumu kiganjani kama embe lisiloiva sawasawa, na mkojo ukaanza kuchuruzika pale pale. Tukailaza mahali pake. Haikupita dakika ikaanza kuwa ya zambarau na kulegea. Nikaiinua, ikarudi waridi. Nikaishusha, zambarau. Ateri ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake, kwa hiyo kila figo ikilala, mshipa unajikunja. Tukarudisha vibano, tukaipoza figo, tukakata kipande kisichofika sentimita mbili na kushona upya. Mgonjwa yule aliondoka na figo nzuri. Mkunjo ambao haukuonekana siku ile mezani unakuja kuonekana miezi kadhaa baadaye, katika sura kama hii ya kaka yako.

Kwa nini presha? Figo moja hupitisha damu karibu nusu lita kila dakika, na ina kipimo chake cha ndani cha kujua msukumo wa damu. Mtu akikanyaga mpira wa kumwagilia bustani, wewe uliyeshika ncha utadhani maji yamepungua mjini. Figo nayo, njia yake ikibanwa, inadhani mwili mzima umepungukiwa presha. Inamwaga homoni za kupandisha, mwili unashika chumvi na maji, presha inapaa, na dawa unazompa zinashindana na figo inayoendelea kudai zaidi.

Hapo ndipo losatani ilipofichua siri. Chujio za figo iliyobanwa zinajitetea kwa kuubana mlango wa kutokea damu, ili msukumo mdogo uliopo utoshe kuchuja. Losatani, na wenzake kama enalaprili na kaptoprili, inaufungua mlango huo. Msukumo unaanguka, uchujaji unapungua, kreatinini inapanda. Mwenye figo mbili nzima asingeumia namna hiyo, lakini kaka yako anaitegemea moja. Simlaumu aliyeiandika. Ni dawa nzuri, na kupanda kule kwa kreatinini ndiko kulikomfanya mtu atafute Dopla. Mara nyingi tukishajua mshipa umebana dawa hiyo inasimamishwa, ila asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Apige simu kliniki yake leo hii na kuuliza.

Ile 390 ni kasi ya damu kwa sentimita kwa sekunde. Maji ya mto yakifika penye mwamba mwembamba hukimbia, na damu hivyo hivyo. Katika ateri ya figo iliyopandikizwa kasi ya chini ya 200 haitutii hofu. Ikivuka 250 tunaanza kushuku, na wengine wanasubiri mpaka 300. Ukichanganya 390 na presha isiyoshuka kwa dawa nne na kreatinini ile, mimi sina shaka kubwa kwamba kuna tatizo la kweli. Hata hivyo Dopla inategemea mkono wa mpimaji, na haichori ramani. Kabla ya mtu yeyote kugusa puto au kisu, inatakiwa picha ya mishipa, kwa CT au kwa kupitisha mrija mwembamba ndani ya ateri na kupiga dawa ya kuonyesha njia. Dawa hiyo inaweza kuichosha figo, kwa hiyo inapigwa kidogo kadiri iwezekanavyo, mgonjwa akiwa na maji ya kutosha mwilini. Wapo wanaotumia hewa ya kaboni dioksaidi kuchora sehemu kubwa ya picha ili kuipunguza dawa hiyo.

Nikija kwenye swali lako lenyewe: kwa maelezo uliyonipa, mimi ningeanza na puto, mradi picha isionyeshe jambo moja nitakalolitaja.

Kazi ya puto inafanyika kwa ganzi tu, bila nusu kaputi. Daktari anachoma sindano kwenye ateri ya kinena, wakati mwingine ya mkono, anapitisha waya laini mpaka uvuke pale palipobana, na juu ya waya anatelezesha puto dogo lililonywea. Linajazwa, linapanua njia, linanyweshwa na kutolewa. Njia ikirudi kubana pale pale, anaacha stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachoshikilia ukuta. Wengi hulala usiku mmoja au miwili wakaenda nyumbani na aspirini pamoja na dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda. Kwa wengi sana njia inafunguka siku hiyo hiyo. Presha haishuki kwa kila mtu mpaka aache dawa zote, lakini mara nyingi zinapungua, na kreatinini inatulia. Madhara yapo: mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, au pakavimba pale palipochomwa. Na njia huweza kubana tena, katika taarifa nyingine kwa mgonjwa mmoja kati ya kumi, katika nyingine kwa zaidi ya theluthi. Ndiyo maana Dopla zinarudiwa kwa miezi mingi baadaye, hata kama mgonjwa anajisikia mzima.

Kisu kina nafasi yake, na nisingependa umwone yule daktari wa pili kama mkorofi. Figo ikiwa na siku chache tu tangu ipandikizwe, mshono ni mbichi na puto linaweza kuupasua, basi hapo tunafungua. Mshipa ukiwa umekunjika, puto linaunyoosha kwa dakika tano na mkunjo unarudi. Puto na stenti vikishindwa mara mbili, au palipobana pakiwa parefu, tunafungua. Na lile jambo nililosema nitalitaja ni hili: figo yako ilikuwa na ateri mbili. Kama ziliunganishwa kwa mtindo wa suruali, na palipobana ni pale miguu inapogawanyika, stenti ikiingia mguu mmoja inaweza kuufunga mlango wa mwingine. Nusu ya figo inapona, nusu inakosa damu. Nadhani hilo ndilo daktari wa pili analolifikiria. Pakiwa ni kabla ya njia panda hiyo, kwenye kiuno kilichoshonwa kwenye ateri ya mguu, hoja yake inapungua nguvu sana.

Kufungua tena si sawa na mara ya kwanza. Miezi minane baadaye figo imegandamana na kovu pande zote, hakuna tena nafasi kati yake na mishipa, na ureta imejificha humo humo ndani ya kovu ambamo kisu kinapita. Tunatangulia kuishika ateri ya mguu juu na chini ya figo, tunampa mgonjwa dawa ya kuzuia damu kuganda, ndipo tunakata kipande kilichobana na kushona upya, au tunauhamishia mshipa mahali pengine, au tunapandikiza kiraka. Mara nyingine tunachukua veni, mshipa wa kurudisha damu, ya mguuni mwake mwenyewe na kuifanya daraja la kuruka palipobana. Katika taarifa za upasuaji wa aina hii zilizokusanywa miaka iliyopita, figo zilizopotea zilifika mpaka moja kati ya tano, ureta ziliumizwa kwa zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya kumi, na vifo vilifika asilimia 5. Ndiyo maana puto lilichukua nafasi ya kwanza. Nimefanya upasuaji huo na nitaufanya tena inapobidi, lakini sipendi kuuanza nao.

Muda mnao, kwa siku na wiki chache, si kwa miezi. Mshipa uliobana hauui figo usiku mmoja. Ulioziba kabisa unaua, na huo lazima muutambue. Kutokea kwake ni nadra, kwa kawaida katika siku za mwanzo baada ya upasuaji, lakini mshipa uliobana sana unaweza nao kuziba. Hospitali moja niliyofanya kazi, mgonjwa alikuwa na mkojo mzuri jioni ya siku ya pili, mililita 200 kila saa. Saa nane usiku mfuko ulikuwa mtupu. Haumwi popote, hana homa, analala. Aliyekuwa zamu alidhani mrija umeziba, akauosha, akasubiri. Tuliitwa alfajiri. Tulipofungua, figo ilikuwa ya rangi ya udongo, laini, na ateri imejaa damu iliyoganda. Figo katika joto la mwili, bila damu, huanza kuumia vibaya kwa nusu saa, na baada ya saa moja hivi matumaini ni madogo mno. Haina mshipa wa pembeni wa kuiokoa, imeunganishwa kwa njia ile moja tuliyoishona. Tuliitoa siku hiyo. Mchangiaji alikuwa mama yake, na mimi ndiye niliyekwenda kumwambia wodini. Tangu hapo, kwa wagonjwa wangu, mkojo unaandikwa kila saa, na ukikata ghafla Dopla inafanyika kwanza, maswali baadaye.

Kwa hiyo kaka yako akiona mkojo umepungua ghafla au umekatika, akikosa pumzi usiku huku presha iko juu sana, au presha ikipanda na kichwa kumuuma asivyozoea, msisubiri tarehe ya kliniki. Hivyo hivyo akipata homa na maumivu pale figo ilipo, au uvimbe unaodunda kwenye kovu. Mara chache vijidudu au fangasi hula mshono, ukuta ukatutumka ukawa mfuko wa damu, na mfuko huo ukipasuka mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu. Hapo mara nyingi figo inatolewa ili mtu aokoke, na mguu unatafutiwa njia nyingine ya damu, mara nyingine kutoka kwenye ateri ya mguu wa pili. Sikwambii hili kukutisha. Maelezo yako hayaonyeshi dalili yake hata moja.

Cha kufanya wiki hii: iandikieni hospitali ya India na kuomba ripoti kamili ya upasuaji, si ile karatasi ya kuruhusiwa. Ndani yake imeandikwa ateri zako mbili ziliunganishwaje, kwa mtindo wa suruali, ubavuni, au kila moja na tundu lake, na zilishonwa wapi. Karatasi hiyo ina thamani kuliko kipimo kingine chochote mtakacholipia mwezi huu, maana anayepitisha waya gizani bila kuijua ramani anaweza kuingia njia isiyo yake. Muulize daktari wa puto swali moja: palipobana ni kabla ya njia panda, penyewe, au baada yake? Na mwombe akae na mpasuaji waangalie picha pamoja kabla ya tarehe kupangwa. Msikimbilie tiketi ya ndege kabla ya hapo. Hospitali ya Muhimbili inapandikiza figo tangu 2017 na Benjamin Mkapa ya Dodoma tangu 2018, wana kliniki za watu kama kaka yako, na ni vizuri wao waione picha kwanza. Dawa zake za kuzuia mwili kuikataa figo asikose hata dozi moja katika pilikapilika hizi.

Umeniandikia mistari mingi juu ya kaka yako, na juu yako mwenyewe hakuna hata mmoja. Wewe nawe sasa una figo moja. Presha, kreatinini na protini kwenye mkojo unatakiwa upimwe kila mwaka, maisha yako yote, hata ukijisikia mzima. Kama hujapimwa tangu urudi, nenda siku ile ile mtakayompeleka yeye.